Uwanja wa Mita 48 kwa 30: Wacheze Wangapi, na kwa Sheria Zipi?

Swali: Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa michezo katika skuli moja ya Wilaya ya Wete, Pemba. Uwanja wetu una urefu wa mita 48 na upana wa mita 30. Ardhi yake ni udongo uliochanganyika na mchanga, na haiwezekani kuupanua kwa sababu upande mmoja ipo barabara na upande wa pili ipo mikarafuu ya watu. Vijana wa shehia wanataka tuandae mashindano ya timu nane, lakini kila kikao kinaishia katika mabishano. Wapo wanaotaka wachezaji saba kila upande, wapo wanaotaka watano kwa sheria za futsali (mpira wa watano wa ukumbini), na hatukubaliani kama kuna kuotea, kama mpira wa pembeni urushwe kwa mkono au upigwe kwa mguu, wala kama kipa anaruhusiwa kupokea pasi ya mwenzake. Baadhi wanasema tuhamie ufukweni moja kwa moja. Aidha ninao watoto wa darasa la tatu na la nne, ambao kwa sasa wanacheza kumi na tano kwa kumi na tano katika uwanja huo huo. Tufanye nini?

Jibu: Waalaykumu ssalaam warahmatullah, mwalimu. Nitaanza na uamuzi, kisha nitaeleza sababu zake ili uweze kuwaeleza wenzako kikaoni. Vijana wacheze watano kila upande kwa sheria za futsali, huku baadhi ya vipimo vyake vikipunguzwa kulingana na hali yenu. Watoto wagawiwe viwanja viwili vidogo, wacheze watatu watatu au wanne wanne. Soka la ufukweni lichezwe kama mchezo wa peke yake, kwa sheria zake na siku zake, na lisichanganywe na mashindano ya uwanjani.

Mabishano mnayoyapata yanatokana na jambo moja. Kila aina ya mpira wa timu ndogo ilizaliwa katika ardhi yake: futsali juu ya sakafu ngumu, mpira wa watano wa Uingereza ndani ya kuta, mpira wa saba katika kipande cha uwanja mkubwa, na soka la ufukweni juu ya mchanga mlaini. Sheria za kila mchezo zilitungwa ili kutatua matatizo ya ardhi hiyo, na sheria moja hutegemea nyingine. Mtu anapochukua sheria moja kutoka huku na nyingine kutoka kule, hupata mchezo wenye tundu ambalo mjanja mmoja ataliona ndani ya dakika kumi za mwanzo, na baada ya hapo mashindano yote yatakuwa ya kulitumia tundu hilo.

Tuanze na hesabu ya nafasi, kwa kuwa ndiyo inayomaliza ubishi wa saba au watano. Uwanja wa kawaida wa mita 105 kwa 68 humpa kila mmoja wa wachezaji 22 karibu mita za mraba 325. Uwanja wa futsali wa mita 40 kwa 20 humpa kila mmoja wa wachezaji kumi mita za mraba 80. Sasa chukua uwanja wenu. Hamwezi kuchora mstari ukingoni kabisa mwa barabara, wala penye mizizi ya mikarafuu. Acheni mita tatu nyuma ya kila goli na mita mbili na nusu kila ubavu, na mtabaki na mita 42 kwa 25, kipimo ambacho ndicho kikubwa kabisa kinachoruhusiwa katika futsali. Wakicheza watano watano, kila mmoja atapata mita za mraba 105; wakicheza saba saba, kila mmoja atabaki na 75. Hiyo ni nafasi finyu kuliko ile ya futsali kwenye sakafu iliyosawazika, ilhali nyinyi mnacheza juu ya udongo wenye mabonde madogo, ambapo mpira hauji mguuni jinsi ulivyotumwa na mchezaji anahitaji hatua moja au mbili zaidi za kuutuliza. Matokeo yake ni msongamano, kukanyagana na mipira ya kubutua. Kwa kulinganisha, nchini Uingereza watoto wa umri wa miaka tisa na kumi wanaocheza saba saba hupangiwa uwanja wa takribani mita 55 kwa 37, na uwanja wenu wote, pamoja na pembezoni mwake, haufiki hapo. Wanaotaka saba saba wana hoja moja nzuri, nayo ni kwamba vijana wengi zaidi watapata kucheza. Hoja hiyo nitaijibu kwa utaratibu wa kubadilisha wachezaji.

Futsali ilianzia Montevideo, Uruguay, mwaka 1930, mwaka uleule nchi hiyo ilipoandaa na kutwaa Kombe la Dunia la kwanza. Juan Carlos Ceriani, aliyekuwa mwalimu wa mazoezi katika YMCA (chama cha vijana wa Kikristo) ya mji huo, alitaka vijana wake wacheze mpira ndani ya ukumbi, akaazima mambo kutoka michezo mingine: idadi ya wachezaji watano kutoka mpira wa kikapu, ukubwa wa goli kutoka mpira wa mikono, na baadhi ya mambo ya kipa kutoka polo ya majini. Wabrazil wakaukuza, FIFA ikaandaa Kombe la Dunia la kwanza la futsali nchini Uholanzi mwaka 1989, na Brazil wakalitwaa, kama walivyolitwaa tena Uzbekistan mwaka 2024. Goli lina upana wa mita tatu na kimo cha mita mbili, sawasawa na la mpira wa mikono, kwa hiyo skuli yenye magoli ya mpira wa mikono haina haja ya kutengeneza mengine.

Huo mwingine, wa watano wanaocheza ndani ya kuta au nyavu, ambao baadhi ya vijana wenu pengine wameuona kwenye simu, ni mchezo wa namna nyengine. Mpira hautoki, kwa kuwa hugonga ukuta na kurudi. Mara nyingi ni marufuku mpira kupita kimo cha kichwa, na mbele ya goli pana nusu duara ambamo kipa peke yake ndiye anayeruhusiwa kuingia. Sheria hizi mbili zina maana pale penye kuta, kwa sababu bila ya hizo washambuliaji wangemrundikia kipa kila mpira unaorudi. Uwanjani kwenu hakuna kuta, basi msizichukue. Eneo lisiloingiwa na mtu, katika uwanja ulio wazi, huwafanya walinzi wasimame kwenye mstari wake kama uzio na mchezo wote hufa.

Mpira wa saba, kwa upande wake, hauna kitabu kimoja cha sheria kinachokubaliwa duniani kote. Kila mwandaaji hupunguza sheria za wachezaji kumi na mmoja kwa namna anavyoona. Hiyo ndiyo sababu mabishano yenu hayana mwisho: kila mtu anakumbuka saba saba aliyoicheza yeye.

Sasa niyajibu yale mnayobishania, moja baada ya jengine. Katika futsali hakuna kuotea. Sababu ni kwamba uwanja ni mfupi, na timu inayomwacha mtu mmoja avizie mbele ya goli la wapinzani inabaki na watatu wa kulinda dhidi ya wanne, na kwa goli lililo umbali wa mita ishirini tu adhabu yake huja upesi. Kuvizia kunakuwa tatizo pale goli linapokuwa kubwa na mpira mrefu unapokuwa na faida, jambo linalotokea mno katika saba saba zetu za mchangani, ambako waandaaji hufuta kuotea lakini huacha magoli makubwa. Mkitumia magoli ya mita tatu kwa mbili, mpira wa kubutua hautawafaa kitu, na hamtaihitaji sheria ya kuotea wala waamuzi wasaidizi wa kuishika.

Mpira wa pembeni hupigwa kwa mguu. Mpigaji huuweka ukiwa umetulia juu ya mstari, wapinzani hukaa mita tano mbali naye, na ana sekunde nne tangu awe tayari. Zikipita, mpira unakwenda kwa wapinzani. Bao haliwezi kufungwa moja kwa moja kutokana na mpira huo, ingawa kwa kona inawezekana. Wanaotaka mkono wafikirie upana wa mita 25: kijana mwenye mikono yenye nguvu ataurusha mpira mbele ya goli kutoka popote katika nusu ya wapinzani, na kwa vile hakuna kuotea, kila mpira utakaotoka utageuka kuwa kona. Hapa ndipo panapoonekana vizuri jinsi sheria mbili, kila moja ikiwa njema mahali pake, zinavyoharibu mchezo zikikutanishwa.

Kuhusu kipa, kila mtu anakumbuka sheria ya mwaka 1992 iliyomkataza kudaka pasi ya makusudi ya mguu kutoka kwa mwenzake. Futsali inakwenda mbali zaidi. Kipa akishaucheza mpira hawezi kuugusa tena katika nusu yake, hata kwa mguu, iwapo mwenzake amemrudishia kwa makusudi na hakuna mpinzani aliyeugusa katikati; na anapokuwa nao katika nusu yake ana sekunde nne tu. Akivuka mstari wa kati yuko huru kama mchezaji mwengine. Mpira ukitoka nyuma ya goli ukiwa umeguswa mwisho na mshambuliaji, kipa huuanzisha kwa mkono, si kwa mguu. Sheria hizi zinaonekana ngumu kwenye karatasi, lakini zisipokuwapo timu inayoongoza bao moja itapoteza dakika tano za mwisho kwa kumrudishia kipa wake mpira, na katika uwanja mdogo hakuna wa kuwazuia.

Nije sasa kwenye sheria ambayo naiona ndiyo roho ya futsali, na ambayo waandaaji wengi huitupa kwa kuwa inahitaji mtu wa kuhesabu. Faulo za kila timu zinazostahili adhabu ya moja kwa moja huhesabiwa katika kila kipindi. Tano za mwanzo huadhibiwa kama kawaida, na wapinzani wanaweza kuweka ukuta. Kuanzia ya sita hakuna ukuta: mpira hupigwa kutoka alama iliyo mita kumi mbele ya goli, au pale faulo ilipotendeka ikiwa ni karibu zaidi, na anayebaki mbele ya mpigaji ni kipa peke yake. Hesabu huanza upya kipindi cha pili. Fikiria maana yake. Katika uwanja mdogo kila shambulio la kushtukiza ni nafasi ya bao, na njia rahisi ya kulizuia ni kumshika jezi au kumkwatua mchezaji katikati ya uwanja, mahali ambapo adhabu ya kawaida haina madhara. Bila ya hesabu hiyo, timu yenye walinzi wakorofi hushinda mashindano, na vijana wenye kipaji, wanaopiga chenga na tobo, hurudi nyumbani na vifundo vya miguu vilivyovimba. Kwa hesabu hiyo kocha mwenyewe ndiye anayewazuia wachezaji wake, kwa sababu faulo ya tano humfanya kila mlinzi acheze kwa adabu.

Nawasihi sana msiiache. Chukueni ubao mdogo wa skuli, ugawanywe sehemu mbili, na mtu mmoja aliyekaa mezani pembeni ya mstari wa kati aweke alama ya chaki kwa kila faulo anayoonyeshwa na mwamuzi, ili watazamaji na wachezaji waione hesabu. Ubao ulio wazi hupunguza malalamiko kuliko refa hodari mwenye daftari mfukoni. Na kwa vile vipindi vyenu vitakuwa vifupi, kama nitakavyoeleza, punguzeni kipimo: faulo tatu za mwanzo ziwe za kawaida na ya nne ndiyo ipigwe bila ukuta. Kupunguza kipimo namna hii hakuvunji mchezo, kwa sababu mpango wa sheria unabaki uleule.

Muda wa futsali ni vipindi viwili vya dakika ishirini, na saa husimamishwa kila mpira unapokuwa nje ya mchezo. Kwa mashindano ya shehia hilo halifai, kwani mchezo mmoja utameza zaidi ya saa nzima. Chezeni vipindi viwili vya dakika kumi na mbili kwa saa inayokwenda, mapumziko ya dakika tatu, na saa isimamishwe katika dakika mbili za mwisho za kipindi cha pili tu, ili asipatikane mtu wa kujilaza chini kupoteza wakati. Timu nane zikigawiwa makundi mawili, kila kundi lina michezo sita. Ukiongeza nusu fainali mbili na fainali, jumla ni michezo kumi na mitano. Kila mchezo, pamoja na kuingia na kutoka, utachukua karibu dakika 35. Mkianza saa kumi na robo, baada ya swala ya alasiri, mtacheza michezo mitatu na kumaliza karibu na saa kumi na mbili, hali watu wana wasaa wa kujiandaa na Magharibi. Siku tano zinatosha. Msijaribu kuingiza mchezo wa nne, kwani huo ndio utakaochezwa gizani na ndio utakaoleta malalamiko.

Sasa ile hoja ya kuwapa vijana wengi nafasi. Sheria za futsali zinaruhusu hadi wachezaji tisa wa akiba, na mabadiliko hayana idadi: mchezaji hutoka na mwenzake huingia bila kusimamisha mpira, mradi anayetoka amekwisha kutoka na wote wawili wapitie sehemu ya mabadiliko mbele ya benchi lao. Aliyetoka anaweza kurudi. Kwa joto la Pemba hilo ni lazima, kwa sababu mchezo huu hauna mahali pa kujificha na kupumzika, na mchezaji anayekimbia kwa dhati huchoka baada ya dakika nne au tano. Waambieni makocha waandikishe wachezaji kumi na wawapange katika vikosi viwili vinavyopokezana. Kwa njia hiyo vijana themanini watacheza mashindano yenu, na wote watacheza kweli. Ukipenda, weka sharti kwamba kila aliyeandikwa acheze angalau nusu ya kipindi kimoja. Mwenye kadi nyekundu hatarudi, lakini timu yake inaweza kuingiza mwengine baada ya dakika mbili, au mapema zaidi ikiwa inafungwa bao wakati imepungukiwa na mtu.

Mpira wenyewe unahitaji neno moja. Mpira rasmi wa futsali ni namba nne, mzito kidogo, na umetengenezwa usidunde: ukiangushwa kutoka mita mbili hurudi sentimita 50 hadi 65 tu. Juu ya sakafu hiyo ni neema, lakini juu ya udongo wenye mchanga mpira huo hunata na kufa. Msiagize. Tumieni namba nne ya kawaida, ipunguzwe upepo kidogo. Na katika jambo moja ongezeni ukali: ijapokuwa sheria za sasa haziharamishi kuteleza ili kunyang'anya mpira pale kusipokuwa na hatari, kwenye ardhi yenye changarawe katazeni kabisa, kwa usalama wa mwenye mpira na wa yule anayeteleza.

Eneo la penalti huchorwa kwa kamba. Funga kamba ya mita sita kwenye nguzo ya goli, izungushe robo duara kutoka mstari wa goli hadi mbele, fanya hivyo kwa nguzo ya pili, kisha unganisha robo hizo mbili kwa mstari ulionyooka. Alama ya penalti ni mita sita kutoka katikati ya goli. Magoli ya mbao au mabomba yafungwe ardhini kwa vigingi, hata kama yanaonekana mazito, kwa sababu watoto huning'inia kwenye mwamba wa juu, na goli linaloanguka huua. Nyavu kuukuu za wavuvi zinafaa sana nyuma yake.

Umeniuliza sheria, lakini nitakudokezea na uchezaji, maana vijana wanaotoka kwenye uwanja mkubwa huja na tabia zake. Mpangilio rahisi wa kuanzia ni wawili nyuma na wawili mbele, ambao kila mmoja anauelewa papo hapo. Kasoro yake ni kwamba pasi zote zinakuwa za mbele au za ubavuni, hakuna za mshazari. Wakishazoea, wafundishe mmoja nyuma, wawili pembeni na mmoja mbele; hapo mwenye mpira ana watu watatu wa kumpa katika pande tatu. Jambo kubwa zaidi ni kuondoka baada ya kutoa pasi. Katika uwanja mkubwa mtu hutoa pasi akabaki kutazama, na nafasi humsamehe. Hapa anayesimama humpa mlinzi wake nafasi ya kwenda kumkaba mwenzake mwenye mpira. Mtoa pasi akimbilie nyuma ya mlinzi au abadilishane nafasi na aliye pembeni, na gonga fupi za namna hiyo zitafungua ulinzi wowote usiozoea. Kipa naye afundishwe kupiga pasi, kwani mara nyingi yeye ndiye mtu wa tano asiyekabwa. Neymar na Ronaldinho walilelewa katika mchezo huu walipokuwa wadogo, na anayewatazama huona alama zake katika kila mguso wao.

Nakuja kwa watoto, na hapa nasema kwa uzito wote nilionao. Watoto thelathini kufuata mpira mmoja si mchezo wala si mazoezi. Wale watatu au wanne wenye kasi huugusa, na waliobaki hukimbia katika vumbi. Uwanja wenu unatosha viwanja viwili vidogo vya mita 28 kwa 20, vilivyopangwa kwa kukata upana, na mita nne au tano katikati yake. Katika kila kimoja wacheze wanne kwa wanne bila kipa, kikundi cha tatu kikisubiri pembeni na kuingia kila baada ya dakika nne. Kwa hesabu hiyo watoto 24 wamepata nafasi, na sita waliobaki wawe akiba ya kila kikundi. Njia nyengine, ambayo mimi naipenda zaidi kwa darasa la tatu, ni ile iliyoanzishwa na kocha Mjerumani Horst Wein: watatu kwa watatu, magoli manne madogo, mawili kila mwisho, na bao halihesabiwi mpaka mpira uwe umepigwa ndani ya mita sita za mwisho. Mtoto analazimika kuinua kichwa aone ni goli lipi lililo wazi, na hakuna faida ya kubutua kutoka mbali. Ujerumani imeufanya mpira wa namna hii kuwa utaratibu wa kawaida wa watoto wake tangu msimu wa 2024/25. Ikiwa skuli ina kiwanja cha mpira wa pete, nacho kinafaa kwa watatu kwa watatu, na wasichana wapangiwe zamu zao humo na uwanjani sawa na wavulana.

Nikumbushe pia kwamba mchezo wa timu ndogo una milango kwa watu wenye ulemavu. Wasioona hucheza watano, kwa mpira wenye njuga ndani na kipa anayeona. Waliokatwa mguu hucheza saba kwa magongo, na timu ya taifa ya Tanzania, Tembo Warriors, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia la mchezo huo nchini Uturuki mwaka 2022. Ukiwa na kijana wa namna hiyo katika shehia, usimwandikie kazi ya kutunza jezi kabla hujamuuliza kama anataka kucheza.

Limebaki suala la ufukwe. Soka la ufukweni huchezwa na watano pia, na hapo ndipo kufanana na futsali kunapoishia. Uwanja ni mita 35 hadi 37 kwa 26 hadi 28, goli lina upana wa mita tano na nusu na kimo cha mita 2.2, vipindi ni vitatu vya dakika kumi na mbili, na wachezaji hawavai viatu. Mpira wa pembeni unaweza kurushwa au kupigwa, faulo hupigwa bila ukuta, na hakuna sare: zikilingana huongezwa dakika tatu, kisha penalti. Goli ni kubwa kwa sababu mpira hauviringiki katika mchanga. Mchezaji huuinua kwa kidole, huudhibiti hewani na hupiga kabla haujaanguka, na kipa mwenyewe hufunga mabao kutoka goli moja hadi jengine. Kombe la Dunia la mchezo huu liliingia Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2025, Shelisheli, visiwa vya bahari hii hii yetu.

Lakini mchanga wa mashindano ya kimataifa unatakiwa uwe mlaini kwa kina cha sentimita 40 au zaidi, na vijana wengi wanaposema ufukwe wanakusudia ule uwanda mgumu unaoachwa na maji yakipwa. Juu ya uwanda huo mpira hudunda na kuviringika kama kwenye udongo, kwa hiyo hapo chezeni kwa sheria na magoli ya futsali, na mtafurahi. Soka la ufukweni lenyewe lichezwe juu, kwenye mchanga mkavu usiofikiwa na maji, pale penye upana wa kutosha, kama Vumawimbi, baada ya kuondoa matumbawe na vipande vya chupa.

Ukichagua uwanda wa chini, panga kwa kalenda ya mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, maji yetu hujaa karibu na saa kumi alasiri na hupwa karibu na saa nne asubuhi, kwa hiyo jioni hamtakuwa na uwanja kabisa. Chezeni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, siku ya mapumziko. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Juma moja baadaye, siku za maji mafu, maji hupwa alasiri, lakini hayaendi mbali, na ukanda mtakaoupata ni mwembamba. Pimeni kwanza siku moja kabla, wakati uleule mtakaochezea, mkiwa na kamba ya mita 25 mkononi. Na wakati wa kusi, kwa mchezo wa vipindi vitatu, pigeni kura upya ya kuchagua upande kabla ya kipindi cha tatu, kwa sababu kwa kubadilishana kwa kawaida timu iliyoanza na upepo mgongoni huupata mara mbili.